Kalamu Isiyofunguka

Watu wananiita Bi Msasa. Wanaonitakia mema husema ni kwa ajili ya kazi yangu, maana kutwa vidole vyangu viko kwenye msasa nikilainisha mbao. Jirani yangu mshonaji, ambaye mdomo wake haujui likizo, husema ni kwa ajili ya ulimi wangu. Sijawahi kumbishia. Nikiwa mjane, mwenye duka dogo na kaunta ya kujitengenezea, naona ulimi mkali umenifaa kuliko kufuli.

Kazi yangu ni kalamu za mbao. Natengeneza mpya chache, lakini zaidi narekebisha zilizoharibika. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akizikereza kwa mashine, mimi nikiziunga; alipofariki nikajifunza na kukereza, nikala hasara ya mbao nyingi, lakini nikajua. Kalamu zetu ni za kuzungusha: unashika nusu ya chini, unazungusha nusu ya juu, ncha inachomoza. Ndani ya kila nusu mna bomba jembamba la shaba lililogandishwa kwenye mbao kwa gundi. Ncha, klipu na kizungusho, kile kipande cha ndani kinachoitoa ncha, havitiwi gundi hata kidogo. Vinasukumwa kwa jiliwa, kile chombo cha kubania, taratibu, mpaka vikae kwa kubana tu. Mume wangu alinifundisha hilo siku ya kwanza: gundi inaishia kwenye bomba, haivuki. Kizungusho kitachakaa siku moja, na siku hiyo lazima kalamu ifunguke. "Ukigandisha kizungusho," alikuwa akisema, "umemzika mtu akiwa hai." Alipenda kutia chumvi, lakini kwa hili alikuwa sawa.

Duka langu ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Mlango umekatwa nusu, na juu ya nusu ya chini nimepigilia ubao mpana wa kuwekea mizigo ya wateja. Mashine iko upande wa kulia, meza ya kazi upande wa kushoto, na nyuma kabisa kuna pazia. Nyuma ya pazia ni kitanda changu na jiko langu. Binti yangu ameolewa mbali. Hunipigia simu, huuliza kama nimekula, namwambia nimekula, naye husema haya mama, tutaongea. Basi ndiyo mazungumzo yenyewe hayo. Simlaumu, ana watoto na ana kazi. Lakini nikishafunga mlango jioni na kuizima mashine, chumba kile huwa kimya mpaka najisikia kulia. Huwasha redio, si kwamba nasikiliza, ila nataka sauti ya mtu iwemo ndani.

Bwana Stempu alikuja mara ya kwanza akiwa na kipande cha mbao alichokifunga kwenye leso. Jina hilo alipewa na watu wa mtaani, kwa kuwa alifanya kazi posta tangu ujana, kwenye dirisha la barua, mpaka alipostaafu. Kile kipande kilikuwa cha kaunta ya zamani ya posta, walipoing'oa wakaweka kioo. Mbao zilizobaki zikawa kuni. Yeye aliomba kipande kimoja tu, akakaa nacho nyumbani asijue akifanyie nini, mpaka akasikia habari zangu.

"Fundi, inatosha kalamu moja?" aliniuliza.

"Inatosha moja, na usiniombe ya pili."

Mbao ile ilikuwa ngumu, nyeusi kidogo upande mmoja kwa viwiko vya watu wa miaka mingi. Nilipoikereza ikatoa mistari mizuri mno. Nilijivunia kalamu ile. Aliipokea kwa mikono miwili, akaizungusha, akaizungusha tena, akaenda zake.

Hazikupita wiki nyingi akarudi. Kalamu haizunguki. Nikaona haya, maana kwangu kalamu inayorudi ni tusi. Nikamfungulia mlango, nikamwambia akae kwenye kiti kidogo karibu na meza asubiri, jambo ambalo sikuwa nikilifanya kwa wateja. Wateja husubiri nje ya ubao.

Kufungua kalamu si kazi ya haraka. Unazitenganisha nusu mbili, unaitoa pete ya katikati, kisha unaishika nusu ya chini kwa kipande cha ngozi ili usiikwaruze. Unaingiza kifimbo cha chuma upande wa pili wa bomba, unagonga kwa nyundo ndogo. Hapo masikio ndiyo yanayofanya kazi. Mlio ni mkavu, mkavu, mkavu, halafu ghafla unakuwa mzito, na hapo unajua kitu kimeanza kutoka. Unagonga mara mbili za mwisho polepole na kizungusho kinadondoka kiganjani.

"Ulijuaje kwamba kinatoka?" Bwana Stempu aliuliza.

Mimi sipendi kuongeleshwa nikiwa kazini. Mume wangu mwenyewe alikuwa ananyamaza. Lakini nikashangaa najibu, tena kwa kirefu, naeleza habari za mlio mkavu na mlio mzito. Naye akaniambia kwamba posta, mhuri ukigongwa juu ya bahasha yenye picha ndani, mlio wake ni tofauti na wa bahasha yenye karatasi tupu. Nikacheka. Ilikuwa muda mrefu sijacheka chumbani mle.

Kizungusho kilikuwa kimepinda. Nikatia kingine. Nikampa ile pete ya katikati ashike, kwa kuwa pete zile ni ndogo na hupenda kupotea chini ya mashine, naye akaishika kwa kidole gumba na cha shahada kana kwamba imeazimwa kwa mfalme. Tulikunywa chai. Akaondoka.

Akarudi tena. Na tena. Safari hii ncha imelegea, safari ile klipu imetoka, safari nyingine kizungusho kimepinda vilevile. Nikaanza kuona alama za meno ya koleo kwenye shaba. Mimi nashika kwa ngozi, koleo langu haliachi alama. Nikamuuliza.

"Labda ni mjukuu," akasema huku akitazama miguu yake. "Unajua watoto."

"Mwambie mjukuu wako nitamfuata nyumbani na nyundo."

"Nitamwambia, fundi."

Basi nikalimeza hilo la mjukuu, nikalisahau. Sikutaka kuchunguza sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaizoea siku yenyewe ya kuja kwake, asubuhi nafagia mpaka pembe, natoa vumbi la mbao kwenye kile kiti kidogo. Alikuwa na hadithi za watu wa dirishani. Alimkumbuka mama aliyekuwa akija kununua stempu moja na kuilamba palepale mbele yake, akimtazama usoni asije akamdanganya. Alikumbuka kijana aliyerudi kuomba barua yake itolewe sandukuni kwa kuwa amebadili mawazo. "Wote walikuwa na shida," aliniambia siku moja. "Hakuna aliyekuja dirishani bila shida. Siku nilipostaafu, nikajua kumbe walikuwa wanakuja kwa dirisha, si kwangu." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekuambia saa. Nikamwongezea chai.

Sasa mshonaji. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu, na cherehani yake ameiweka ili auone mlango wangu vizuri kuliko anavyoiona nguo anayoshona.

"Dada, shemeji leo mbona kachelewa?" alinipigia kelele asubuhi moja, wateja wake wawili wamekaa wanasubiri.

"Shemeji yako yupi?"

"Huyo wa stempu. Nimekuwa nikifikiri. Mbona kalamu za watu wengine ukizitengeneza hazirudi? Ya huyu tu ndiyo haiponi. Au unamlegezea makusudi arudi?"

Wateja wake wakaangua kicheko. Najua alikuwa anatania, ana utani mbaya lakini hana roho mbaya. Ila maneno yale yalinichoma pawili kwa mpigo. Kwanza, kwamba mjane mzima nafukuzia wanaume dukani. Pili, na hili ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nafanya kazi mbovu makusudi. Mimi! Nilirudi ndani nikapiga msasa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba wa kutupa.

Siku ileile Bwana Stempu akaja. Kizungusho tena. Aliketi kwenye kiti chake, akavua kofia, akaanza habari ya postamasta aliyekuwa akiogopa paka. Sikumcheka postamasta. Nilikitoa kile kizungusho kibovu, nikaweka kipya tayari, kisha nikachukua gundi. Si gundi ya kawaida, ni ile ya chupa mbili za kuchanganya, inayoshika chuma na chuma hata ukiiloweka. Nikaichanganya kwa kijiti, nikaipaka ndani ya bomba lote, nikakisukuma kizungusho ndani.

Mume wangu angekuwepo angenipokonya mkononi. Nilijua kabisa ninachofanya, na nikafanya.

"Hiyo ni nini, fundi?" akauliza.

"Dawa ya mjukuu wako. Kalamu hii sasa haitafunguka. Si kwa koleo, si kwa nyundo, si kwa mimi."

"Haitafunguka kabisa?"

"Kabisa. Hutakuwa na haja ya kurudi tena kwa shida hii."

Nilisema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, nikitaka mshonaji ng'ambo kule asikie. Bwana Stempu aliipokea kalamu, akaitazama, akaifunga kwenye leso. Chai yake ilikuwa imebaki nusu kikombe. Akashukuru kwa adabu, kama anavyoshukuru siku zote, akavaa kofia akatoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia nimeshinda.

Ushindi wenyewe haukukaa. Siku yake ikafika, asije. Nikasema vizuri, kalamu nzima. Siku yake nyingine ikafika, nikafagia pembe kwa mazoea, asije. Nikawa nawaambia wateja habari za postamasta na paka, nikakuta sijui mwisho wake, maana sikumwacha amalize.

Mara moja alipita barabarani. Akasimama nje ya ubao, kofia mkononi.

"Kalamu haijambo?" nikamuuliza.

"Haijambo, fundi. Inaandika vizuri."

"Vyema."

"Haina neno kabisa."

"Vyema."

Tukatazamana. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, karibu ukae, maneno ambayo mtu humwambia hata mkusanya takataka. Sikuyasema. Ng'ambo ya barabara cherehani ilikuwa imenyamaza, na cherehani ile ikinyamaza ujue mwenyewe anasikiliza. Na akae kwa shughuli gani? Kalamu haina neno. Naye nilimwona anatafuta la kusema, macho yanazunguka kwenye meza yangu, kwenye mashine, kwenye kiti. Mwishowe akasema, "Basi, fundi." Nami nikasema, "Basi." Akaenda zake, na tangu hapo hakupita tena.

Nitasema wazi kwa kuwa mshonaji hanisikii: nilimkosa mtu yule mpaka chakula kikanishinda. Kwa mume wangu nililia, watu wakaja wakakaa nami, wakapika, nikapewa pole. Kwa huyu ningepewa pole na nani? Nimwambie nani kwamba kalamu ya mteja wangu imepona? Siku moja nilikuwa nafungua kalamu ya mwalimu mmoja, nikaitoa pete ya katikati, na bila kufikiri nikanyoosha mkono pembeni nimpe mtu aishike. Pete ikaanguka, ikabingirika chini ya mashine. Nilipiga magoti kuitafuta, nikaipata, na sikuinuka hapo kwa muda. Nilikaa sakafuni kwenye vumbi la mbao kama mtoto aliyesahaulika.

Ndipo akaja mwanamke kijana, amevaa nguo za kazini, mkoba begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni mke wa mtoto wa yule mzee wa posta." Akatoa leso kwenye mkoba, akaiweka juu ya ubao. Niliijua leso kabla hajaifungua. "Amenituma niulize kama inatengenezeka. Nimemwambia aje mwenyewe, hataki. Anaona haya."

Akaifungua. Nusu ya chini ilikuwa imepasuka kwa urefu, kutoka mwisho mpaka mwisho, na kipande kimoja cha mbao kimebanduka. Bomba la ndani limebonyea. Kwenye tundu mlikuwa na mikwaruzo ya kitu chenye ncha, si kifimbo butu kama changu.

"Imefanywa nini hii?"

"Alichukua msumari na nyundo, mama. Tulimkuta uani anagonga. Amejiumiza na kidole."

"Mwenyewe? Mimi nilidhani ni yule mtoto. Nilimwambia babu yake amkanye."

"Mtoto gani?"

"Mjukuu. Mwanao anayechezea kalamu."

Yule binti akanitazama, halafu akatazama mkoba wake. "Mama, sisi hatujajaliwa mtoto," akasema taratibu. "Nyumbani tuko watatu tu. Na sisi wawili tunatoka alfajiri, tunarudi kumeshakuwa giza. Mchana kutwa yuko peke yake."

Nilimwomba radhi. Alisema haidhuru. Mimi nikaigeuzageuza ile kalamu. Zile alama za meno ya koleo zote, vile vizungusho vyote vilivyopindika namna moja, nilivitazama kwa macho ya fundi nisione kitu. Mzee wa watu alikuwa akikaa uani na koleo akijitafutia shida ya kuleta dirishani. Na mimi nikaichukua shida yake ya pekee nikaigandisha.

"Inatengenezeka?" binti akauliza tena. "Niambie ukweli tu, mama. Nikimwambia haiwezekani, sijui itakuwaje. Siku hizi hata kula anakula kwa kubembelezwa."

Sasa lazima mnijue. Katika kazi hii sijawahi kumwambia mtu kwamba kitu kinatengenezeka ilhali hakitengenezeki. Nimewarudisha watu wenye magari makubwa na kalamu zao mkononi. Nimewarudisha waliolia. Na kalamu ile ilikuwa imekwisha. Mbao iliyopasuka hivyo ukiiunga, ukiitia kwenye mashine inaruka vipande. Kizungusho hakiwezi kutoka kwenye bomba kwa sababu kimegandishwa, na kimegandishwa na mimi. Mbao nyingine ya kaunta ile haipo duniani. Mwanafunzi wa siku moja angeiona na kusema itupwe.

Ng'ambo ya barabara cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Inatengenezeka," nikasema. Nikainua sauti, kusudi ivuke barabara yote mpaka kwenye masikio ya mshonaji. "Mwambie inatengenezeka, lakini ni kazi ya siku nyingi sana. Na siwezi kuifanya bila mwenyewe kuwapo. Mwambie Bi Msasa anamwita, aje akae."

Binti akashika kifua kwa furaha, akashukuru, akaondoka mbio kuwahi kazini. Mshonaji akachomoza kichwa. Nikamtazama mpaka akakirudisha.

Alikuja kesho yake. Kidole gumba kimefungwa kitambaa, na alikuwa amepungua, kola ya shati imemzidi shingo. Nilimfungulia mlango. Hakuingia. Alisimama kizingitini akiitazama kalamu yake niliyoiweka mezani, imelala vipande vipande juu ya ile ngozi.

"Fundi," akasema, "hii haitengenezeki. Hata mimi naona."

"Wewe ni mtu wa posta. Fundi hapa ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi kaa."

"Mimi ndiye niliyekuwa naiharibu. Hakuna mjukuu."

"Najua. Kaa."

Akashika ukingo wa mlango kwa ule mkono mzima. Macho yake yalikuwa yameloa, na yangu pia, sitaki kudanganya.

"Na ikishindikana?" akauliza.

"Ikishindikana," nikamwambia, "utakuwa umekaa."

Akavua kofia, akaingia.